The Lord of the Rings au The Hobbit: Utazame Ipi, kwa Toleo Lipi na kwa Mpangilio Gani

Mtu anayetaka kuingia kwa mara ya kwanza katika ulimwengu alioubuni J. R. R. Tolkien kupitia sinema hukutana na filamu sita za mwongozaji mmoja, Peter Jackson, na hakuna hata moja iliyo fupi. Tatu za The Lord of the Rings zilitoka kila Desemba kuanzia 2001 hadi 2003, na tatu za The Hobbit zikafuata kati ya 2012 na 2014. Waandishi walioshirikiana na Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens, ni wale wale. Muziki wa pande zote mbili ni wa Howard Shore, wachoraji Alan Lee na John Howe walishiriki kote, na milima inayoonekana ni ya New Zealand ile ile. Hata mapato yanakaribiana sana, kwani kila mfululizo uliingiza takriban dola bilioni 2.9 duniani kote. Pamoja na hayo yote, mashabiki wakianza kubishana ni nadra kumsikia mtu akiipa mifululizo hii miwili uzito ulio sawa. Filamu ya mwisho ya The Lord of the Rings iliteuliwa kuwania Oscar 11 na ikazitwaa zote 11. Hakuna filamu hata moja ya The Hobbit iliyotwaa Oscar.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. The Lord of the Rings ndiyo kazi bora, na ndiyo ya kuanza nayo. Lakini siafiki maelezo mepesi yanayotolewa mara nyingi kwamba Jackson aliishiwa na kipaji au kwamba tamaa ya fedha iliharibu kila kitu. Filamu tatu za kwanza ziligharimu takriban dola milioni 281 kwa pamoja, ilhali tatu za baadaye zilipita dola milioni 600, kwa hiyo waliokuwa na fedha kidogo ndio waliofanya vizuri zaidi. Kilichozitenganisha ni ukubwa wa kitabu ukilinganishwa na urefu wa filamu, pamoja na muda ambao watu walipewa kujiandaa kabla kamera haijawashwa. Anayeyaelewa mambo hayo mawili ataweza pia kukisia mapema jinsi filamu nyingine kubwa ya kifantasia itakavyokuwa, hata kabla ya kununua tiketi.

Tuanze na vitabu. The Hobbit kilichapishwa mwaka 1937 kikiwa kitabu cha watoto chenye kurasa zipatazo 300, na kinasimulia safari moja iliyonyooka: Bilbo, mhobiti (mmoja wa watu wafupi wanaoitwa mahobiti), anatoka nyumbani pamoja na mbilikimo 13 na mchawi Gandalf, wanalifikia joka, kisha anarudi. The Lord of the Rings kilichapishwa kati ya 1954 na 1955 katika majuzuu matatu, na kina kurasa zaidi ya 1,000 zinazosimulia safari ya mhobiti Frodo na rafiki yake Sam ya kwenda kuiangamiza pete ya adui mkuu, Sauron. Sasa angalia saa. Kitabu kikubwa kilipewa saa 9 na dakika chache katika majumba ya sinema. Kitabu kidogo kilipewa karibu saa 8. Kwa maneno mengine, waandishi wa mfululizo wa kwanza walilazimika kila siku kukata sehemu za hadithi, na wale wale, miaka 10 baadaye, wakalazimika kila siku kuiongezea.

Kukata kuliwalazimu kuamua. Tom Bombadil, yule mkazi wa msituni anayependwa na wasomaji wengi, aliondolewa kabisa. Sura ambamo mahobiti wanarudi na kukuta nchi yao imetekwa na majambazi iliachwa pia. Arwen alipewa kazi ambayo kitabuni inafanywa na Glorfindel, mhusika ambaye baada ya hapo angetoweka bila kuwa na jukumu lingine kubwa. Kila uamuzi wa namna hii unaweza kupingwa, na mimi mwenyewe bado sikubaliani na jinsi nahodha Faramir alivyobadilishwa, kwani kitabuni anaikataa pete kwa hiari na kwa heshima, ilhali katika filamu anawaburuta Frodo na Sam hadi mji wa Osgiliath kabla ya kuwaachia. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, alizikosoa filamu hizo waziwazi alipohojiwa na gazeti la Le Monde mwaka 2012. Hata hivyo, hoja ya waliokata inaeleweka. Daima walikuwa wakijiuliza iwapo tukio fulani linausogeza mzigo wa Frodo mbele, na kama halikuusogeza, waliliacha.

Katika The Hobbit swali liligeuka. Lililobaki lilikuwa ni kutafuta kitu cha kujaza saa zilizosalia. Legolas, mpiga mishale wa filamu za kwanza ambaye hayumo katika kitabu hiki, akaingizwa. Tauriel akabuniwa kabisa, na kwa kuwa mhusika mpya anahitaji sababu ya kuwepo, akapewa mapenzi na mbilikimo Kili. Azog, kiongozi wa maorki (askari wa upande wa uovu), ambaye kwa mujibu wa maandishi ya Tolkien alikwisha kuuawa miaka mingi kabla ya safari hii, akafufuliwa ili msafara uwe na adui wa kuufukuza kuanzia filamu ya kwanza. Kuongeza si dhambi kwa asili yake. Safari ya Gandalf ya kwenda kumkabili adui aliyejificha katika ngome ya Dol Guldur inatajwa kidogo tu kitabuni, na kuionyesha kulikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba kila nyongeza inachukua dakika kutoka kwa Bilbo, na Bilbo ndiye hadithi yenyewe. Katika filamu ya tatu kuna vipindi virefu ambavyo mhusika ambaye filamu inaitwa kwa jina la watu wake anasimama pembeni akiwaangalia wengine wakipigana.

Jambo la pili, la maandalizi, linazungumzwa kwa uchache kuliko linavyostahili. Jackson alianza kuishughulikia The Lord of the Rings mwaka 1997 chini ya kampuni ya Miramax, ikiwa imepangwa kuwa filamu mbili. Kampuni ilipotaka zibanwe kuwa moja, alipewa nafasi ya kutafuta mfadhili mwingine, na mwaka 1998 akakubaliwa na New Line Cinema, ambako mkuu wake Robert Shaye alishangaa kwa nini kitabu cha majuzuu matatu kisiwe filamu tatu. Upigaji picha ulianza Oktoba 1999. Kwa hiyo kulikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kuchora, kujenga, kushona, kufua panga na kuandika upya. Katika shamba lililoko Matamata, ambako kijiji cha mahobiti kilijengwa, bustani zilipandwa karibu mwaka mzima kabla ya kamera kufika, ili maua na mboga vionekane vimeota hapo wenyewe. Mtazamaji hawezi kulijua hilo kwa kuangalia tu, lakini analihisi.

The Hobbit ilipata bahati mbaya tangu mwanzo. Mwongozaji wake alikuwa awe Guillermo del Toro, aliyeufanyia kazi mradi huo kwa takriban miaka miwili, kisha akajiondoa mwishoni mwa Mei 2010 kwa sababu ya ucheleweshaji uliohusiana na matatizo ya kifedha ya studio ya MGM. Jackson, ambaye alikuwa mtayarishaji na mwandishi tu, akashika usukani. Upigaji picha ulianza Machi 2011, yaani chini ya mwaka mmoja baadaye, huku sehemu kubwa ya kile ambacho del Toro alikiandaa ikiwa haimfai mwongozaji mwingine. Filamu zilipangwa kuwa mbili. Ilitangazwa kwamba zitakuwa tatu Julai 2012, baada ya upigaji picha mkuu kumalizika na miezi isiyofika mitano kabla ya filamu ya kwanza kuonyeshwa! Katika video ya nyuma ya pazia iliyotolewa pamoja na diski ya filamu ya tatu, Jackson mwenyewe anaeleza jinsi alivyofika kazini bila mpango kamili wa siku, na jinsi upigaji wa vita kuu ulivyoahirishwa ili apate nafasi ya kufikiri. Namheshimu kwa kusema hivyo. Ni watu wachache wenye jina kubwa wanaokubali kuonekana wamekaa peke yao katikati ya mandhari ya mamilioni, wakitafakari watafanya nini saa inayofuata.

Athari ya tofauti hiyo inaonekana hata katika picha moja moja. Katika filamu ya kwanza ya 2001, Gandalf anaketi mezani na mwenyeji wake mhobiti, na mmoja anaonekana mrefu karibu mara mbili ya mwingine. Sehemu kubwa ya mchezo huo haikuhitaji kompyuta. Meza iligawanywa vipande viwili vya vipimo tofauti, mwigizaji mmoja akaketi karibu na kamera na mwingine mbali, kisha kamera iliposogea, sehemu ya jukwaa ikasogezwa nayo ili jicho lisigundue. Waigizaji wote wawili walikuwa katika chumba kimoja, wakisikilizana na kujibizana.

The Hobbit ilipigwa kwa 3D, na kamera ya 3D hupima umbali kama macho mawili yanavyopima, hivyo hila ile ya zamani ingejulikana mara moja. Ikabidi Gandalf apigwe picha peke yake katika jukwaa la kijani, na mbilikimo wapigwe kwao, halafu waunganishwe. Ian McKellen, mwigizaji mkongwe wa jukwaani, alijikuta akizungumza na picha za wenzake zilizowekwa juu ya vishikizo, huku sauti zao zikimfikia kupitia kifaa cha masikioni. Alieleza hadharani kwamba siku moja alitokwa machozi kwa unyonge. Ukiliangalia tena tukio la karamu nyumbani kwa Bilbo ukijua hayo, utauona upweke ule hata chumba kikiwa kimejaa watu.

Vivyo hivyo kwa maadui. Maorki wa mfululizo wa kwanza, hasa wale wanaoonekana kwa karibu, ni watu waliovalishwa sura bandia na mavazi mazito ya chuma na ngozi. Wana jasho, wana uzito, wanapoanguka matope yanaruka. Azog ametengenezwa kwa kompyuta juu ya uigizaji wa Manu Bennett, na ingawa kazi hiyo ni ya ustadi mkubwa, ngozi yake nyeupe laini haionekani kuguswa na mvua wala upepo unaowapiga wengine. Hilo ndilo ninalolichukulia kuwa hasara kubwa kuliko zote za The Hobbit, kwa sababu hofu huanzia kwenye uzito.

Linganisha pia vita viwili. Katika The Two Towers, filamu ya pili ya The Lord of the Rings, kabla ya mapigano ya Helm's Deep, mtazamaji ameonyeshwa ukuta uko wapi, lango liko wapi, na mfereji ulio udhaifu wa ngome uko upande gani. Majeshi yanasimama yakitazamana mvuani. Kisha mzee mmoja juu ya ukuta anashindwa kuushika upinde kwa mkono unaotetemeka, mshale unamponyoka, ork mmoja anaanguka, na ukimya unafuata kabla ya kila kitu kulipuka. Mapigano yale yalipigwa picha kwa miezi kadhaa, mengi usiku. Katika The Battle of the Five Armies, filamu ya tatu ya The Hobbit, majeshi yanaingia kutoka kila upande kwa wingi usiohesabika, lakini ukisimamisha filamu katikati ni vigumu kueleza nani amesimama wapi na nani anakaribia kushindwa. Legolas anapanda juu ya mawe yanayoporomoka hewani kana kwamba ni ngazi, na hapo hata mshabiki mwenye subira huachilia pumzi. Kitabuni, Bilbo anapigwa kichwani na kuzimia, na vita vinaelezwa kwa kurasa chache tu.

Sitaki msomaji aondoke akidhani The Hobbit haina kitu. Tukio la vitendawili kati ya Bilbo na kiumbe Gollum pangoni ni miongoni mwa mambo bora kabisa aliyowahi kuyaongoza Jackson, na zipo siku ambazo naliweka juu ya chochote kilichomo katika filamu za kwanza. Martin Freeman na Andy Serkis walipewa nafasi ya kuigiza uso kwa uso, na lilipigwa mwanzoni kabisa mwa ratiba, kabla uchovu haujaingia. Wanategeana vitendawili huku kila mmoja akipima roho ya mwenzake, na pale Bilbo, akiwa haonekani, anapoinua upanga kisha akaushusha kwa huruma, uso wa Freeman unabeba hadithi nzima itakayofuata miaka 60 baadaye. Halafu kuna joka Smaug, lililopewa sauti na Benedict Cumberbatch, likijifunua polepole chini ya dhahabu. Matukio haya mawili yana jambo moja linaloyaunganisha: yote yametoka moja kwa moja kitabuni, wahusika wawili wakizungumza.

Kuhusu kasi ya fremu 48 kwa sekunde, ambayo The Hobbit ilionyeshwa nayo katika baadhi ya majumba badala ya fremu 24 zilizozoeleka, ubishi ulikuwa mkali wakati ule, lakini kwa anayetazama nyumbani leo jambo hilo karibu halina maana.

Wapo mashabiki wanaosema kwamba Jackson hakustahili sifa zote, kwa kuwa Ralph Bakshi alikwisha kuitengeneza The Lord of the Rings kwa katuni mwaka 1978. Ni kweli, na Jackson mwenyewe aliitazama kazi hiyo kabla hajakisoma kitabu. Bakshi alipiga picha waigizaji halisi kisha akachora juu ya picha hizo, na matukio ya wapanda farasi weusi bado yanasisimua. Ila filamu inakatika baada ya Helm's Deep, haikutambulishwa kwa watazamaji kuwa ni sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili haikutengenezwa kamwe. Itazame kama una hamu ya historia. Usiichague kuwa mlango wa kuingilia. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya Rankin/Bass iliitengeneza The Hobbit kwa katuni ya televisheni isiyofika dakika 80, nayo inaisimulia safari nzima ya kwenda na kurudi. Ni ya haraka mno katika sehemu za mwisho, lakini inathibitisha kwamba kitabu kile hakikuhitaji saa 8. Mwenye kumfuatilia Jackson ataikumbuka pia King Kong ya 2005, marudio yaliyochukua dakika 187 kusimulia kile ambacho filamu ya 1933 ilikisimulia kwa takriban dakika 100. Mazoea ya kurefusha yalikwisha kuonekana hapo, miaka 7 kabla ya The Hobbit.

Sasa kuhusu matoleo. Kila filamu ina toleo lililoonyeshwa katika majumba ya sinema na toleo refu lililotolewa baadaye kwa diski, na kwa The Lord of the Rings matoleo marefu yote matatu yanapita saa 11 kwa jumla. Kwa mara ya kwanza, chagua toleo la majumba ya sinema. Uhariri wake ni mkavu zaidi na hauruhusu hadithi kulegea. Kwa mara ya pili, chagua refu bila kusita, hasa la The Two Towers, kwa sababu lina tukio la kumbukumbu linalomwonyesha Boromir, Faramir na baba yao Denethor pamoja, na bila tukio hilo huwezi kuuelewa uchungu wa Faramir wala ukali wa baba yake katika filamu inayofuata. Toleo refu la The Return of the King, filamu ya tatu, linaonyesha mwisho wa mchawi mwovu Saruman, ambao uliachwa kabisa katika toleo la kwanza na kuwakasirisha watu wengi, akiwemo Christopher Lee aliyemwigiza. The Hobbit haihitaji matoleo marefu. Kinachoilemea tayari ni urefu.

Kwa mtu mwenye jioni moja tu, jibu langu ni The Fellowship of the Ring, filamu ile ya 2001, peke yake. Inasimama yenyewe kuliko nyingine zote tano, na kifo cha Boromir kinaipa hitimisho la kweli hata kama safari haijaisha. Kwa familia yenye watoto wadogo, An Unexpected Journey, filamu ya kwanza ya The Hobbit, ndiyo nyepesi zaidi kati ya filamu sita, ingawa kuna vichwa vinavyokatwa, na ile katuni ya 1977 inafaa zaidi; filamu ya tatu ya The Hobbit isiwadanganye wazazi kwa sababu tu imetokana na kitabu cha watoto. Aliyekisoma The Hobbit na kukipenda aitazame filamu ya kwanza yote, kisha katika ya pili afuate hadi mazungumzo ya Bilbo na Smaug, na asijilaumu akiishia hapo.

Limebaki swali la mpangilio, ambalo huzua ubishi kuliko inavyopasa. Kwa kufuata mtiririko wa matukio, The Hobbit inatangulia, na wengi hushauri hivyo wakidhani wanamsaidia mtazamaji mpya. Mimi nashauri kinyume: fuata mpangilio wa kutolewa. Utangulizi wa The Fellowship of the Ring unaieleza pete kwa mtu asiyejua chochote, ilhali The Hobbit inamchukulia mtazamaji kuwa anajua tayari, na inamfunulia Sauron kwa namna inayoua fumbo ambalo mfululizo wa kwanza ulilijenga kwa subira. Zaidi ya hayo, filamu ya mwisho ya The Hobbit inamalizikia nyumbani kwa Bilbo mzee siku Gandalf anapobisha hodi, tukio linaloungana na mwanzo wa filamu ya 2001. Kwa anayeijua filamu ile, hodi hiyo ina uzito wa yote yatakayotokea. Kwa asiyeijua, ni mgeni tu aliyefika mlangoni.